Jalada Kabla ya Ramani

(Mhadhara uliotolewa Unguja mbele ya watakwimu, waandishi wa habari, masheha na wananchi)

 

Nianze na mstari mmoja wa jedwali. Nimeutunga mwenyewe jana usiku, kwa hiyo msimtafute mtu. Mwezi: Aprili. Shehia: nyie iwekeni yoyote ya shamba, yenye watu elfu mbili hivi. Kosa: kubaka. Muathirika: mwanamke. Umri: baina ya 11 na 14. Uhusiano na mtuhumiwa: baba wa kambo. Idadi: 1.

Hapana jina hapo, wala nambari ya nyumba. Ofisa aliyeutoa mstari huo anaweza kuapa kuwa hakumtaja mtu, na kiapo chake kikawa cha kweli. Lakini uchukueni mstari huo, mwende nao barazani kwenye shehia hiyo baada ya sala ya alasiri. Kabla kahawa haijapoa, watu watakuwa wameshajua ni binti wa nani, anasoma skuli gani, na mama yake aliolewa mara ya pili mwaka gani. Jumatatu mtoto yule anaingia darasani, na darasa zima limenyamaza.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Nimeulizwa na wengi: takwimu za uhalifu zitolewe zote au zifichwe? Wanaotaka zitolewe hunipigia methali, mficha uchi hazai. Wanaotaka zifichwe nao wana yao, siri ya mtungi aijuaye kata. Methali zikishapigana namna hiyo mimi huondoka nikaenda kunywa maji, maana hapana litakaloamuliwa. Swali lenyewe limekaa vibaya. Hakuna kitu kimoja kiitwacho "takwimu za uhalifu". Kuna majedwali mengi, na kila jedwali lina mtu linayemwangalia. Jedwali la kwanza, lile la jana usiku, linamwangalia mtoto. Kuna mengine yanamwangalia mtuhumiwa, mengine yanauangalia mtaa. Na kuna jedwali linaloiangalia ofisi: jalada limefika lini, limekaa siku ngapi, nani alilishika, limetoka na jibu gani. Nitakalolisema leo kwa urefu ni fupi: tuanze kutoa lile linaloiangalia ofisi. Mengine yafuate kwa zamu yake, na mengine yasitoke kabisa.

Tusijidharau lakini. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hapa Zanzibar hutoa taarifa za kila mwezi za matukio ya ukatili na udhalilishaji. Zinapangwa kwa wilaya zetu 11, kuanzia Kaskazini A hadi Mkoani, kwa jinsia, kwa watoto na watu wazima, kwa aina ya kosa. Na zimo pia hatua: mangapi yako kwa polisi kwenye upelelezi, mangapi yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, mangapi yako mahakamani. Gazeti likiichukua taarifa hiyo, kichwa cha habari kitakuwa idadi ya matukio na jina la wilaya iliyoongoza. Kama kwamba wilaya zinashindana kombe. Hatua ya kesi, ambayo kwangu ndiyo habari yenyewe, ikiandikwa huandikwa aya ya mwisho, pale mhariri anapokatia.

Sasa niwatembeze kidogo nje, halafu tutarudi.

Mwanzoni mwa Februari 2011 serikali ya Uingereza ilifungua ramani ya uhalifu ya Uingereza na Wales kwenye intaneti. Unaandika anwani yako, unaona nukta za matukio ya mwezi kuzunguka mtaa wako. Watu waliikimbilia hata tovuti ikazidiwa siku ile ile ya kwanza. Na walioijenga hawakuwa watu wa ovyo. Nukta haikuwekwa mlangoni kwa mtu. Ilisogezwa hadi kwenye kituo cha ramani kilicho karibu, katikati ya barabara au kwenye bustani ya watu wote, na kila kituo kilitakiwa kiwe na anwani kadhaa kukizunguka, au kisiwe na nyumba hata moja. Makosa ya kujamiiana hayapewi nukta ya rangi yake. Siku hizi yamewekwa fungu moja na makosa ya kupiga na kujeruhi, ili anayetazama asijue ni lipi kati ya hayo. Hiyo ni kazi ya watu waliofikiri.

Pamoja na hayo, kijia kimoja kifupi cha mji wa Portsmouth, Surrey Street, kiliamka kikakuta magazeti yanakiita miongoni mwa mitaa mibaya kabisa ya nchi. Kosa lake ni kuwa kituo cha ramani kilikuwa pale, kikabeba na matukio ya jirani. Nukta imesogezwa ili kumlinda mtu mmoja, ikaangukia mtaa mzima. Na mwaka ule ule kampuni ya bima ya Direct Line ilipowauliza watu, takriban mmoja kati ya kumi alisema ameona tukio na hakuliripoti, kwa kuogopa kuwa nyumba za mtaani haziuziki tena. Liangalieni hilo vizuri. Takwimu iliyotolewa ili watu waujue uhalifu ikawa sababu ya watu kuuficha. Anayeripoti anajiharibia bei.

Wenzetu wa Chicago walifika huko mapema zaidi, na kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2005 Adrian Holovaty, mwandishi wa habari ajuaye kuandika programu, alizichukua taarifa za polisi wa mji ule akazibandika juu ya ramani ya Google, mtaa kwa mtaa. Baadaye mji wenyewe ukaja kufungua ghala lake: matukio tangu 2001, mistari mamilioni, isipokuwa ya siku saba za mwisho. Anwani inaishia kwenye kipande cha mtaa, haifiki mlangoni. Lakini katika safu zile kuna moja ambayo huwa nawaonyesha wanafunzi kabla ya nyingine zote. Inauliza: je, mtu alikamatwa? Ndiyo au hapana. Neno moja tu. Ukilichukua neno hilo ukalipanga kwa mitaa na kwa miaka, humtazami tena aliyeibiwa, wala mtaa wake. Unawatazama polisi.

Hata Uingereza walikuja kuliona. Mwaka 2012 waliongeza kwenye ramani yao kilichotokea baada ya tukio: upelelezi umefungwa bila mtuhumiwa, mtu amepewa onyo, mtu amepelekwa mahakamani. Walichelewa mwaka mmoja na zaidi, na huo mwaka mmoja ulitosha watu kujifunza kuwa takwimu za uhalifu ni kitu cha kuangalia bei ya nyumba.

Nikiwa kwao, nimalizie jambo moja ambalo kila mwandishi wa habari aliyekaa hapa angelifunga kwenye ncha ya leso. Novemba 2014 wakaguzi wa polisi wa nchi hiyo walitoa ripoti juu ya uandishi wa makosa. Katika kila makosa 100 yaliyoripotiwa, 19 hayakuandikwa kama makosa. Kwa makosa ya kujamiiana, 26. Jumla yake ni zaidi ya makosa 800,000 kwa mwaka ambayo mtu alikwenda, akasema, akarudi nyumbani, na kitabu hakikumjua. Miezi kumi kabla yake, Januari 2014, mamlaka ya takwimu ilikuwa imeshaziondolea takwimu za polisi hadhi ya Takwimu za Taifa. Kwa hiyo ile ramani nzuri ya 2011, yenye nukta na rangi, ilikuwa ramani ya kalamu. Ilionyesha pale kalamu ilipogusa karatasi.

Nami kalamu hiyo nimewahi kuishika, na ninayo aibu yake.

Nilikuwa kijana, karani wa takwimu, nikatumwa kwenye kituo kimoja, sitakitaja, nikahesabu matukio ya mwaka mzima. Nilipewa fomu ya kujaza: kosa, jinsia, mtoto au mtu mzima, tarehe. Nikapewa kiti kwenye ukumbi wa nyuma, na daftari kubwa lenye kava la kitambaa, kurasa zimelowa jasho la mikono ya watu. Nikaanza. Kila baada ya mistari michache, pembeni, kwa wino mwekundu, kulikuwa na neno moja. "Wamepatana." Mstari mwengine: "Wamepatana, mzee wa mlalamikaji ameomba." Mwengine: "Mlalamikaji hakurudi." Fomu yangu haikuwa na safu ya maneno hayo. Nikafanya kama nilivyofunzwa. Nikahesabu makosa, maneno nikayaacha. Niliirudisha fomu safi kabisa, ikasifiwa. Ilinichukua miaka kuelewa kuwa nilihesabu vitu visivyokuwa na haja, na nikaiacha takwimu kitabuni.

Sisi tuna jina la kile kilichokuwa kikiandikwa kwa wino mwekundu. Tunaliita muhali. Mgeni akiniuliza maana yake hunichukua robo saa: ni kule kumuonea mtu haya usimfikishe pabaya, kwa kuwa ni ndugu, ni jirani, ni mtu wa baba, mmekula naye. Sheha ana muhali, shahidi ana muhali, mama mzazi anatiwa muhali na kaka zake wakubwa. Kwenye kila mkutano wa udhalilishaji tunauzungumza muhali, tunaulaani, tunakunywa chai. Haujawahi kupewa safu yake. Hatujui unaua kesi ngapi Micheweni na ngapi Mjini, hatujui unaziua zikiwa kwa polisi au zikiwa zimeshafika mahakamani, siku ya shahidi kuitwa. Kisichokuwa na safu kinabaki kuwa hotuba.

Na jalada lenyewe lina safari ndefu hapa kwetu kuliko watu wanavyodhani. Mama anampeleka mtoto, pengine polisi, pengine moja kwa moja hospitali, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono kinachowapokea waathirika. Hospitali inamuandika kwenye kitabu chake. Polisi, ambao ni chombo cha Muungano, wanamfungulia jalada kwa nambari yao. Jalada likikamilika linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, huko nako lina nambari. Likifika mahakamani, na tangu 2021 tuna mahakama maalumu za kesi hizi, linapewa nambari ya kesi. Mtoto mmoja, nambari nne. Zikiwa hazikufungwa pamoja, kila ofisi itasema kweli na hapana atakayejua kilichotokea. Polisi watasema tumepeleka. Mwendesha mashtaka atasema hatujapokea, au tumerudisha upelelezi ukamilishwe. Mahakama itasema sisi hatuwezi kusikiliza kisicholetwa. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, na mtu akiniuliza nani alikuwa mwongo nitasema hapana hata mmoja.

Kwa hiyo jedwali la kwanza ninalolitaka litoke, na litoke kila robo mwaka bila ya mtu kuliomba, ni la jalada. Wilaya. Kosa kwa mafungu mapana. Muathirika mtoto au mtu mzima, basi, umri usiingie. Limefunguliwa robo ipi. Liko hatua gani leo. Limekaa siku ngapi katika kila hatua. Na kama limekufa, limekufa kwa nini: ushahidi haukutosha, mtuhumiwa hakupatikana, shahidi hakufika, au wamepatana. Shehia hapana. Uhusiano na mtuhumiwa hapana.

Najua kuna atakayesema uhusiano ni muhimu, watu wajue kuwa wanaowadhuru watoto wetu mara nyingi ni watu wa karibu. Nakubali, na litolewe hilo, lakini katika jedwali jengine kabisa, la Zanzibar nzima, la mwaka mzima, lisilokuwa na wilaya wala mwezi ndani yake. Tuko watu milioni moja na laki nane na ushei kwa sensa ya 2022. Ndani ya watu wote hao, baba wa kambo ni funzo. Ndani ya watu elfu mbili ni jina la mtu. Na majedwali hayo mawili yasikutanishwe, yasipewe safu moja inayofanana ambayo fundi ataitumia kuyashona.

Hapo kwenye kushona napenda nikae kidogo, wanaochoka waniwie radhi, maana ndipo ofisi zetu zinapoteleza bila ya nia mbaya. Kawaida ya watakwimu ni kuficha idadi ndogo. Mathalani, chochote kilicho chini ya 5 kinawekewa nyota. Vizuri. Sasa chukueni wilaya yenye matukio 32. Shehia nne zimetajwa: 11, 9, 6 na 5. Ya tano ina nyota. Mtoto wa darasa la nne atajumlisha 31, atatoa, na nyota imeanguka: ni 1. Mlificha nini? Basi unaficha mbili, ya tano na ya nne, ili isipatikane kwa kutoa. Lakini mwezi uliopita ulishatoa jumla ya Januari hadi Machi, na leo unatoa jumla ya Januari hadi Aprili, ya shehia ile ile. Mtu anazitoa, Aprili inabaki peke yake mkononi. Jedwali la leo ni salama likisimama peke yake, na jedwali la mwezi uliopita ni salama likisimama peke yake. Yakilazwa kitanda kimoja yanazaa. Anayeamua nini kitolewe leo lazima awe na kila kilichowahi kutolewa mbele yake, pamoja na kilichotolewa na ofisi nyengine. Nimeona ofisi mbili, kila moja imeficha kwa uangalifu mkubwa, na kila moja imefichua ilichoficha mwenzake.

Marekani wana kisa chao maarufu cha jambo hili. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi, alichukua taarifa za hospitali za wafanyakazi wa serikali ya Massachusetts zilizotolewa bila ya majina, akanunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na nambari ya posta. Akampata gavana wa jimbo, William Weld, na maradhi yake. Ilibidi anunue daftari. Barazani kwetu daftari hilo liko kichwani, tena ni bure.

Ndiyo maana vipimo vya wenzetu havitutoshi. Uingereza wana kipimo wanachokitumia kabla ya kutoa taarifa iliyoondolewa majina: wanajiuliza, mtu mwenye nia na akili za kawaida, asiyejua chochote kabla, ataweza kumtambua mtu? Ni kipimo kizuri kwa London, ambako hatari ni mgeni. Hapa hatari haitoki kwa mgeni. Inatoka kwa jirani ambaye nusu ya habari anayo. Alimuona mama anapanda daladala na mtoto saa mbili usiku, akaona gari la polisi wiki iliyofuata, akasikia mwanamme fulani amekwenda Bara ghafla. Anangoja nusu ya pili. Ukimpa mwezi, kosa na umri, umemkamilishia. Mimi nakiita kipimo cha barazani, na sitaki kiwe mzaha: jedwali kabla ya kutoka wapewe watu wanne au watano wa eneo lile, wazee, mama mmoja wa mtaani asiyepitwa na jambo, mwalimu wa madrasa. Wawe na kiapo. Waulizwe: mstari upi hapa mnaujua? Wakiutambua mmoja, mstari huo unarudi kupanuliwa, wilaya iwe mkoa au mwezi uwe mwaka.

Wizi wa pikipiki sisemi hivyo. Aliyeibiwa pikipiki anataka kila mtu ajue, amweleze na rangi yake. Kuporwa simu Darajani, kukatwa mkoba ufukweni, kuvunjwa duka: wekeni ramani, wekeni na saa. Watu waweze kuwaambia watoto wao wasipite wapi, na madiwani waulizwe taa ziko wapi. Mahali pa wazi panavumilia nukta.

Hapa huwa napata swali la watalii. Mtu wa hoteli aliniuliza waziwazi, jee, tukitoa hizi hatutafukuza wageni? Mgeni anayekuja kuogelea hasomi jedwali la siku za upelelezi wa jalada, atasoma kisa kimoja kilichoandikwa vibaya na mtu aliyekosa takwimu. Lakini sitaki kulijibu swali lile kwa faida, kwa sababu nikilijibu hivyo leo, kesho faida ikigeuka nitatakiwa nifiche.

Afrika Kusini walificha. Julai 2000 waziri wa usalama wa raia, Steve Tshwete, alisimamisha kutolewa kwa takwimu za uhalifu, kwa hoja kuwa hazikuwa sahihi na zinahitaji kutengenezwa. Hoja yenyewe haikuwa ya uongo wote. Lakini miezi ile wananchi walipokaa gizani hawakuona utengenezaji, waliona serikali imeficha. Leo nchi hiyo inatoa takwimu zake kituo kwa kituo cha polisi, na kila zikitoka, magazeti hutafuta kituo kilichoongoza kwa mauaji. Kwa miaka mingi jina lilikuwa Nyanga, huko Cape Town. Kuna watoto wamekua wakisikia mtaa wao unaitwa mji mkuu wa mauaji. Wamepata nini kwa jina hilo?

Walichokipata walikipata kwa takwimu nyengine. Wananchi wa Khayelitsha, jirani na hapo, walidai tume ya kuwachunguza polisi wao, ikaundwa, ikiongozwa na Kate O'Regan na Vusi Pikoli, na Agosti 2014 ikatoa ripoti. Kilichotikisa watu katika kazi ile hakikuwa idadi ya maiti, hiyo waliijua, wao ndio waliozika. Ilikuwa ni hesabu ya askari. Askari wangapi wamepangwa kituo gani, kwa watu wangapi. Vituo vya mitaa ya maskini weusi, yenye mauaji mengi kuliko yote, vilikuwa na askari wachache kwa kila watu laki moja kuliko mitaa ya wenye nazo. Jumuiya yao, Social Justice Coalition, ikaenda nayo hesabu hiyo Mahakama ya Usawa, na Desemba 2018 mahakama ikasema mgao ule ni ubaguzi kwa rangi na kwa umaskini. Ramani ya mauaji iliwapa Nyanga jina. Jedwali la askari liliwapa hukumu.

Nisiwachoshe na majina ya wahalifu, hilo nitalipita haraka kwa kuwa kwangu halina mjadala. Kuna wanaotaka orodha ya waliohukumiwa kwa makosa ya kujamiiana iwekwe wazi na picha na mahali wanapokaa, na hasira yao naijua. Marekani wanazo orodha hizo. Aprili 2006 kijana mmoja kutoka Canada aliingia jimbo la Maine, akazitafuta anwani kwenye orodha ya mtandaoni, akaua wanaume wawili. Mmoja aliwekwa kwenye orodha ile kwa kulala na mpenzi wake aliyekuwa hajatimiza miaka 16, naye mwenyewe akiwa na 19. Na huko ni Maine, nyumba mbalimbali. Sisi tunawajua watu waliopigwa mawe kwa kelele ya "mwizi" iliyopigwa na mtu mmoja. Na anwani ya mhalifu, tena baba wa kambo, ni anwani ya mtoto.

Limebaki jambo la nani aamue. Nimesikia pendekezo kuwa polisi waamue, kwa kuwa kitabu ni chao. Mimi siwalaumu, lakini nani anajitungia mtihani halafu akajisahihishia? Jedwali la jalada linawaangalia wao, mwendesha mashtaka na mahakama. Ukimwachia yeyote katika hao watatu, safu ya siku itapotea, na itapotea kwa sababu nzuri sana. Mtakwimu anafaa zaidi, lakini mtakwimu peke yake atafanya kama nilivyofanya mimi na fomu yangu safi. Awe na mtu wa ustawi wa jamii anayewajua watoto hawa kwa sura, awe na mwanasheria, na wawe na wale watu wa barazani. Na wakikataa kutoa jedwali, kukataa kwao kuandikwe na sababu yake, itolewe hiyo.

Masheha mtakuwa mnajiuliza nyinyi mko wapi. Mlikuwa mnataka takwimu za shehia zenu, najua, mmoja wenu alinishika mkono nje akaniambia, "Mwalimu, mimi ndiye ninayewaleta watu kituoni, halafu karatasi hainirudii." Ana haki. Jibu langu halitampendeza. Habari ya shehia irudi kwake kwa mdomo, na kwa sharti kuwa mtuhumiwa si jamaa yake. Siku hiyo atakayekuwa na muhali atajulikana, maana kwenye jedwali la wilaya itatokea safu ya "wamepatana", na wilaya ina mkuu wake wa kuuliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimechapisha nakala hamsini za jedwali la jalada kama ninavyolitaka, kwa takwimu za kubuni, ziko kwenye meza pale mlangoni pamoja na kalamu nyekundu. Chukueni moja moja. Kila mtu alisome kama linamhusu mtaa wake, na mstari wowote anaouona kuwa angemtambua mtu, aupige alama na aandike pembeni kwa nini. Msiandike majina yenu. Kuna kasha la viatu chini ya meza, nitalibeba mwenyewe jioni.